Aya Iliyojipenyeza Redioni

Jamaa zangu, wenye kompyuta na msio nayo, tulieni kidogo niwasimulie yaliyompata Bi Casilda Orellana wa hapa kwetu Cliza. Yaliingia kwake bila kubisha hodi, na kwenu pia hayatabisha.

Asubuhi zake zilikuwa za raha. Jua likianza kupasha ukuta wa jiko, binti yake Nilda humwekea glasi ya api, kinywaji cha moto cha mahindi ya zambarau, na andazi la jibini, kisha humfungulia kompyuta ndogo mezani. Bi Casilda hakuwa akiona. Presha ya macho ilimlia nuru kidogo kidogo mpaka siku moja akaisalimia sanamu ya nguo dukani akidhani ni jirani. Lakini vidole vyake vilijua vitufe, na sauti ya kike ndani ya kompyuta ilimsomea habari za dunia huku yeye akinywa api yake na kubishana nayo: "Weee! Bei ya mahindi imepanda wapi? Labda kwenu!"

Hiyo sauti ilikuwa imemtoa kaburini. Sizidishi chumvi. Kwa miaka mingi Bi Casilda alikuwa msomaji wa redio yetu ya mtaa. Habari zinakuja kwa Kihispania, yeye anazimwaga kwa Kikechua, lugha yetu tamu, na bibi zetu mashambani wanaacha majembe wasikilize. Macho yalipokwisha, redio nayo ikaisha. Akawa mtu wa kukaa kitandani akiutazama ukuta asiouona. Ni Nilda aliyemshika mkono akampeleka mjini Cochabamba, kwenye chama cha wasioona, kwa mwalimu mmoja aitwaye Ubaldo Terrazas, ambaye naye haoni, na ulimi wake ni mkali kama pilipili ya locoto.

"Kivinjari," Mwalimu Ubaldo aliwaambia wanafunzi wake siku ya kwanza, "ni ile programu inayokufungulia kurasa za mtandao. Peke yake inafungua tu, basi. Mkitaka ifanye zaidi, mnaipachika kiendelezi. Kiendelezi ni programu ndogo inayokaa ndani ya kivinjari na kukiongezea kazi. Kimoja kinasoma kwa sauti, kingine kinatafsiri, kingine kinafukuza matangazo. Mnanielewa?"

"Tunakuelewa, Mwalimu."

"Bado. Kila kiendelezi, kabla hakijaingia, kinaomba ruhusa. Jirani akija kuomba chumvi, mpe chumvi. Akija kuomba chumvi na ufunguo wa chumba cha kulala, muulize chumvi gani hiyo."

Darasa zima lilicheka, na Bi Casilda alicheka kuliko wote, maana alikuwa na jirani wa namna hiyo.

Alipachikiwa kiendelezi cha kusoma. Akakizoea. Kisha siku moja akaenda redioni, akakaa mbele ya kipaza sauti, sikio moja limefunikwa na kisikizi kinachomsomea Kihispania, kinywa kikitoa Kikechua hapo hapo, hakuna kusita wala kukwama. Watu walikuja kusimama dirishani wamwone. Mkurugenzi wa redio, Bwana Eliodoro, ambaye hata sherehe ya kuzaliwa kwake huipongeza kwa kikohozi, alitoka nje akajifuta macho. Huyo ndiye Casilda wetu, jamaa. Mtu aliyejifunza kusoma upya kwa masikio baada ya kupata wajukuu.

Basi nyumba ile ilikuwa na amani. Alikuwamo Nilda, na mumewe Grover, fundi wa kuchomelea mageti, kijana mwenye moyo mzuri na kichwa chepesi. Grover alikuwa na ugonjwa mmoja: neno "bure" likitajwa, akili yake huvua viatu na kukimbia. Ukimwambia maziwa ya bure yamemwagika, atakuja na kijiko.

Jumapili moja timu yake ilikuwa ikicheza ugenini, na kioo cha simu yake kilikuwa kimepasuka. Bi Casilda alikuwa uani akimenya mahindi, akasikia mkwewe akivuta kiti jikoni.

"Mama, naazima kompyuta yako kidogo!"

"Azima, baba. Usiniharibie tu."

Akamsikia akigonga vitufe, akiguna, akigonga tena. Halafu akasikia hatua za Nilda.

"Unafanya nini?"

"Nimepata pa kuonea mechi bure! Wanasema niongeze kiendelezi chao tu."

"Umesoma walichoandika hapo? 'Kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote.' Grover, kuonyesha mpira kunahitaji yote hayo?"

"Aah, mke wangu! Nani anasoma hayo? Hata walioyaandika hawayasomi."

Uani Bi Casilda akatabasamu, akaendelea kumenya. Mechi yenyewe ilikwama kabla ya penalti. Grover akaitukana kompyuta, akaifunika, akaenda kumalizia mchezo kwa kinyozi. Kiendelezi hakikuondoka naye. Kilibaki pale pale ndani, kimya, na ruhusa yake mkononi.

Wasomaji wangu, hapa ndipo mambo yalipoharibika, na hakuna aliyesikia mlio wowote.

Siku chache baadaye Bi Casilda alikuwa hewani na kipindi chake cha afya. Alifungua ukurasa wa ofisi ya afya, ule anaousoma siku zote, habari za kisukari. Sauti ikaanza kumsomea sikioni, naye akawa anatafsiri: kula nini, kutembea, kukagua miguu kila jioni. Kisha ikaja aya moja. Ilisema kuna matone mapya ya mizizi, yamethibitishwa, na mgonjwa anayeyatumia anaweza kuacha sindano zake bila hofu. Ikafuata namba ya simu ya kuagizia.

Alisita. Kidogo tu, kama mtu anayemeza tembe. Alijiambia: ajabu! Lakini ukurasa ni wa ofisi ya afya, na ofisi ya afya haijawahi kunidanganya. Sauti ile ile, utulivu ule ule. Mwenye macho pengine angeona herufi zimebadilika rangi au ukubwa, ila sikioni maneno yote huvaa nguo moja. Akaitafsiri aya ile. Akaitafsiri vizuri, kama afanyavyo kila kitu. Namba ya simu akairudia mara mbili ili wazee wapate kuandika.

Miongoni mwa waliokuwa wakisikiliza ni Bi Saturnina Choque, mama wa ubatizo wa Nilda, rafiki wa Bi Casilda tangu wakiwa wasichana wa kusuka nywele pamoja. Saturnina alikuwa akijidunga sindano ya kisukari kila siku na kuichukia kila siku. Aliposikia sauti ya mwenziwe ikisema aache, alishukuru Mungu. Akaagiza matone.

Aliyeleta habari ni muuguzi wa zahanati, Delmira. Aliingia uani kwa kina Casilda hata kuku wakatawanyika.

"Bi Casilda, nani alikutuma kusema yale redioni?"

"Yapi, mwanangu?"

"Ya kuacha sindano! Bi Saturnina tumemkuta sakafuni, anatapika, anapumua kama aliyekimbia mlima, mdomo unanuka matunda yaliyooza. Nimempeleka hospitali kubwa mjini. Sijui kama atarudi. Na mumewe kanishika mkono, ananiambia, 'Casilda alisema.'"

"Nilisoma kilichoandikwa. Kwenye ukurasa wenu wa afya."

"Haiwezekani. Mimi nausoma ukurasa ule kila wiki. Hakuna kitu kama hicho."

Nilda akatoa simu yake, akaufungua ukurasa, akaupitia kutoka juu hadi chini, tena kutoka chini hadi juu. Aya haikuwepo.

"Mama," alisema taratibu, na utaratibu ule ulimchoma Bi Casilda kuliko ukelele, "haipo."

"Niliisikia."

"Haipo, Mama."

Grover alikuwa mlangoni. Akasema kwa sauti ya chini, lakini asiyeona husikia: "Umri umefika. Mzee anaanza kusikia mambo yasiyokuwepo. Tungemzuia mapema."

Habari ikauzunguka mji kama moshi wa majani mabichi. Sokoni wauza viazi walinong'ona, "Casilda amelipwa na wauza dawa." Wengine wakasema, "Hajalipwa, amechanganyikiwa." Bwana Eliodoro alikuja mwenyewe nyumbani, akakohoa sana, akamwambia kipindi kimesimama. Nilda akaikunja kompyuta akaiweka juu ya kabati. "Upumzike, Mama." Bi Casilda akarudi kitandani, uso ukutani.

Semeni nyinyi: kuna adhabu inayozidi hii? Mwenzio yuko mahututi kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako, na watu wa nyumba yako hawaamini masikio yako, ambayo ndiyo macho uliyobaki nayo.

Mimi ningelala pale mpaka leo. Yeye hakulala. Kesho yake, Nilda akimletea supu ya karanga, alimkuta amekaa, kasuka nywele, kavaa sketi yake ya kutokea.

"Shusha kompyuta."

"Mama, tafadhali..."

"Kama akili yangu imeharibika, itaonekana. Shusha. Mimi sitasikiliza, wewe utasoma kwa macho yako. Ufungue ukurasa ule ule, lakini humu, usiufungue kwenye simu."

Nilda akaitoa ili kumridhisha tu. Akaufungua ukurasa. Akasoma kimya. Kisha Bi Casilda akasikia kijiko kikianguka sakafuni.

"Ipo," Nilda alisema. "Mama, ipo. Matone, namba ya simu, kila kitu." Akachukua simu yake, akalinganisha. "Huku haipo, huku ipo. Ukurasa mmoja!"

"Basi ukurasa hausemi uongo, na mimi sina wazimu. Mwongo yumo ndani ya kompyuta. Nipigie Mwalimu Ubaldo."

Mwalimu Ubaldo alisikiliza kisa chote bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tena.

"Casilda, nani ameingiza kitu ndani ya kivinjari chako?"

"Sijaingiza kitu."

"Sikuuliza kama umeingiza wewe. Haya. Kivinjari kina menyu, na humo mna sehemu ya viendelezi. Inaorodhesha vyote vilivyopachikwa. Vizime vyote isipokuwa kisomaji chako. Kuzima si kufuta, kwa hiyo msiogope. Halafu fungua ukurasa upya."

Wakafanya. Sauti ikasoma ukurasa wote. Matone hayakutajwa.

"Kwa hiyo kisomaji chako hakina kosa," Mwalimu akasema. "Maskini yule anasoma alichopewa. Sasa washa kimoja kimoja, kila ukiwasha ufungue ukurasa upya. Aya ikirudi, umemshika mwizi shati. Na kabla ya kuwasha, mwache kisomaji akutajie jina la kila kimoja na ruhusa zake."

Grover alikuwa ameingia kutoka karakana, kofia ya kuchomelea bado i kichwani. Akasimama asikilize. Sauti ya kike ikasoma jina la kiendelezi cha tafsiri, na ruhusa zake chache. Wakakiwasha, aya haikurudi. Sauti ikaendelea kwa utulivu wake ule ule:

"Mpira Bure Papo Hapo. Kiendelezi hiki kinaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote."

Nilda alimgeuzia Grover shingo. Grover akavua kofia. Hawakuhitaji hata kukiwasha, lakini Bi Casilda alisema, "Washa, tuhakikishe," wakawasha, na matone yakarudi katikati ya ukurasa kana kwamba yameandikwa na daktari.

"Ni mimi," Grover akasema. "Mama, ni mimi. Nilibonyeza tu. Nilitaka mechi."

"Na uliposema umri umefika?"

Grover akaanza kulia, mtu mzima mwenye mikono ya chuma, analia kama aliyepigwa na mamaye.

"Sikujua, Mama. Naapa sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukusoma," Nilda akafoka. "Nilikusomea mimi mwenyewe, hapa hapa!"

"Na mimi nilikuwa uani nikasikia," Bi Casilda akasema, "nikatabasamu. Basi tuache kugawana lawama. Mwalimu, kinafutwaje?"

"Kitufe cha kuondoa. Kikiuliza 'Una uhakika?', mjibu kwa moyo wote. Kisha mbadilishe nywila zenu zote, kwa kuwa aliyeruhusiwa kusoma amesoma."

Sasa sikilizeni alichofanya mwanamke yule, kwa maana hapa ndipo ninapomvulia kofia. Angeweza kukaa nyumbani na kumwachia Grover aibu yake. Mji mzima ungemhurumia. Alikwenda redioni akiwa ameshikwa mkono na Grover huyo huyo, akamwambia Bwana Eliodoro: "Nipe saa ile ile. Waliosikia uongo ndio hao hao wanaotakiwa kusikia ukweli."

Bwana Eliodoro akakohoa. "Watakutukana hewani."

"Wacha wanitukane, ili mradi redio zao ziko wazi."

Akakaa kwenye kipaza sauti bila kisikizi chochote. Akasema kwa Kikechua chake, "Mimi Casilda niliwaambia mwache sindano. Ni uongo. Anayetumia matone yale ayamwage sasa hivi, aende zahanati kwa Delmira leo, asingoje kesho. Kompyuta yangu iliwekewa kitu kilichopenyeza maneno yake ndani ya maneno ya serikali. Lakini sauti mliyoisikia ilikuwa yangu, na niliposita, sikusimama kuuliza. Nilipaswa kusimama." Hakumtaja Grover. Baadaye akaeleza kiendelezi ni nini, kwa lugha ambayo hata wachunga kondoo wa Toco walielewa.

Simu za matusi zilikuja, kweli. Na watu wakaenda zahanati. Delmira alinieleza kwamba wengine walikuja wameshika vichupa, hawakuwa wametumia bado. Mmoja alikuwa ameanza kuona ukungu. Bi Casilda na Grover walitembea nyumba hadi nyumba kwa wale wasio na redio, na kila mlango uliofunguliwa, Grover ndiye aliyetangulia kusema, "Mimi ndiye niliyebonyeza." Wapo waliomfungia mlango usoni. Akagonga tena. Hapo kichwa chake chepesi kilianza kupata uzito.

Bi Saturnina hakufa. Alirudi kutoka mjini amekonda, sindano zake ndani ya kijaruba, na alipopita mbele ya nyumba ya Casilda hakugeuza uso. Bi Casilda alizijua hatua zake, alizisikia zikipita. Akaenda kwake mara moja kuomba radhi, Saturnina akasema kupitia mlango, "Nimekusikia, Casilda. Nenda." Akaenda. Hakumlazimisha. Miezi ikapita hivyo, na wala sitawaambia kuwa ilikuwa miepesi.

Bwana Eliodoro alimrudishia kipindi msimu wa mapichi ulipofika. Asubuhi ya kwanza Bi Casilda alikuwa hajatamka hata salamu, simu ya redio ikalia. Grover, ambaye sasa ndiye anayemsindikiza, akaipokea, akapauka, akaiweka hewani.

"Casilda." Ilikuwa sauti ya Saturnina, na mji mzima ulisikia. "Unataka kutusomea?"

"Nataka, mwenzangu. Mkiniruhusu."

"Kabla hujasoma. Umekagua humo ndani ya hicho kivinjari chako nani yumo?"

"Nimekagua. Kuna kisomaji na kitafsiri tu. Na ukurasa huu Delmira ameufungua kwenye simu yake, umesema yale yale."

Mahali fulani nyuma ya Saturnina jogoo aliwika.

"Haya basi, soma," Saturnina akasema. "Nimeshajidunga, nimekaa, nasikiliza."

FUNZO

Jamaa zangu, viendelezi vya kivinjari ni neema. Kimoja kilimrudishia kipofu kazi yake, na mji ukarudishiwa sauti yake. Msikubali kuambiwa kwamba ni uchawi au ni vya kuogopwa. Lakini kila kimoja kinaingia kwa ruhusa yako, na ukishampa mgeni ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu, usishangae akibadilisha kila kitu. Someni kinachoombwa. Mjiulize kama ombi linalingana na kazi. Vitafuteni mahali panapoaminika, mvipitie mara kwa mara, na kisicho na kazi kiondoeni. Likitokea la ajabu, zima vyote, washa kimoja kimoja.

Tena msiwe wepesi kusema mzee amechanganyikiwa kwa sababu amesikia msichokisikia. Pengine aliyekosea ni kidole chako. Na ukijua ni kidole chako, nenda ukaseme mlango kwa mlango, kama Grover. Na kama ni sauti yako iliyobeba uongo, ipandishe hewani ibebe ukweli, kama Casilda.